Chensoo za Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, na Majibu Yetu kutoka Tabora

Wanaotuuliza ni wapasua mbao wa Sikonge na Kaliua, wakulima wa tumbaku wanaokata kuni za mabani, mafundi boti wa Kibirizi kule Kigoma, na vijana waliorithi mashine ya marehemu babu ikiwa bado imefungwa kwenye gunia. Tumeyapanga maswali kadiri kazi yenyewe inavyokwenda, tangu kununua hadi kuhifadhi. Mwenye haraka asome angalau lile la kuiwasha kwa mara ya kwanza, kwa sababu hapo ndipo mashine nyingi nzuri hufia.

Chensoo ya zamani ni ipi hasa?

Hakuna mstari rasmi. Sisi tunaihesabu ya zamani ile iliyoundwa kabla breki ya cheni na raba za kupunguza mtikisiko hazijawa vitu vya kawaida. Husqvarna walianza kutoa chensoo mwaka 1959, wakaweka vizuia mtikisiko ndani ya mashine mwaka 1969, na mwaka 1973 wakaleta breki ya cheni inayojifunga yenyewe. Kwa upande wa Stihl, mashine yao ya petroli ya mwaka 1929 ilikuwa na uzito wa kilo 46 na ilihitaji watu wawili. Ilipofika 1959 walitoa Contra, ya mtu mmoja, isiyo na gia, nguvu ya farasi 6 kwa uzito wa kilo 12 hivi. Stihl 070 na 090 zinazozunguka kwenye misitu yetu ni wajukuu wa Contra.

Zinazoletwa kwetu mara nyingi ni hizo mbili, pamoja na Stihl 051 na Husqvarna 61, 268 na 272. Hizo tatu za mwisho si za kale sana, lakini umri wake unatosha kuingia kwenye ukurasa huu.

Babu alisema chensoo yake ya 070 ilitoka mradi wa karanga wa Urambo. Inawezekana?

Hapana. Mradi wa karanga ulianza 1947 na kufa 1951. Urambo ilikuwa moja ya sehemu zake tatu, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Stihl 070 ilikuja baada ya Contra ya 1959, kwa hiyo haikuwapo wakati wa mradi. Hadithi hii tunaisikia sana, na kwa kawaida aliyeisimulia hakusema uongo: huenda mashine ilinunuliwa Urambo, miaka mingi baadaye, na jina la mradi likaifuata.

Fundi, nimepata 070 kwa bei ya kutupa. Nitajuaje kama siyo kopi?

070 imekopiwa kuliko karibu chensoo nyingine zote. Angalia kwanza ubora wa maungo ya nje: kwenye mashine halisi kingo za bati na chuma zimekaa sawa, skrubu hazina ukali, na maandishi yaliyochomoza kwenye chuma yanasomeka bila shida. Kopi huwa na stika nyingi na maandishi machache. Kisha fungua upande wa klachi na eksozi utafute namba za spea zilizochongwa. Spea halisi za 070 na 090 huanza na tarakimu 1106, za 051 huanza na 1111.

Kopi siyo dhambi. Ina silinda ya upana ule ule wa milimita 58 na mwendo wa pistoni wa milimita 40, yaani ujazo wa sisi (cc) 106 kasoro kidogo, na spea zake nyingi huingia kwenye mashine halisi. Tunachokataa ni kulipia kopi bei ya mashine halisi. Muuzaji akikuzuia usifungue hata kifuniko cha klachi, mshukuru na uondoke.

Nikague nini kabla ya kutoa hela?

Anza na kamba ya kuwashia. Inyanyue mashine kwa kushika mpini wa kamba tu, iache ining'inie. Ikiwa kompresheni ni nzuri, itashuka polepole kwa kusitasita. Ikiporomoka moja kwa moja hadi chini bila kukwama popote, ringi au silinda imekwisha, au kuna kivalvu cha kupunguza kompresheni kilichobaki wazi. Kifunge ujaribu tena. Gereji za magari zina geji ya kompresheni. Kwa mashine hizi psi 120 na zaidi inaturidhisha, chini ya 90 usihangaike kuiwasha kabla hujafungua silinda.

Kisha toa eksozi. Ni boliti mbili au tatu, na utaona mengi kuliko maneno yote ya muuzaji. Vuta kamba taratibu, mulika kwa tochi ya simu, utazame ubavu wa pistoni kupitia tundu la moshi. Uking'aa kwa mikwaruzo mirefu ya wima upande huo wa eksozi, mashine iliwahi kukimbia bila oili ya kutosha au ikinyonya hewa ya pembeni. Mikwaruzo ikiwa zaidi upande wa kabureta, chanzo mara nyingi ni vumbi, yaani mtu alikuwa akifanya kazi bila filta ya hewa. Pistoni yenye rangi ya kahawia iliyotulia na mistari ya mashine ya kiwandani bado ikionekana ni habari njema sana.

Tikisa flaiwili, lile gurudumu zito lililo upande wa kamba, juu na chini. Ikicheza, beringi za krenki zimechoka. Angalia stadi mbili zinazobana bladi, yaani bapa la chuma ambalo cheni huzunguka juu yake, kwa sababu nyuzi zikiliwa hapo matengenezo yanakuwa ya fundi wa kukereza. Pitisha kidole chini ya tangi la oili na la petroli kutafuta ufa. Mwisho hesabu vilivyokosekana: kifuniko cha filta, kizibo cha tangi, mpini wa nyuma. Vitu vidogo hivyo vikikosekana vyote kwa pamoja, bei ya mashine ipungue sana, maana kuvitafuta kimoja kimoja kunachosha kuliko kubadilisha pistoni.

Rangi iliyobambuka haina maana yoyote. Mashine iliyopakwa rangi mpya ndiyo inayotutia wasiwasi.

Pistoni imejam, haizunguki kabisa. Nipige nyundo?

Usipige. Toa plagi, mimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili nyepesi, ulaze mashine ili mafuta yafike kwenye ringi, uiache siku kadhaa ukiongeza kila yanapopungua. Baadaye jaribu kuzungusha kwa mkono kupitia flaiwili, kulia na kushoto, kidogo kidogo. Ikilegea, usifurahi ukaiwasha. Toa silinda uone ndani.

Ukikuta aluminiamu ya pistoni imeganda kwenye ukuta wa silinda, iondoe kwa msasa laini wenye maji ukisugua mahali pale penye madoa tu. Silinda nyingi za chensoo zimepakwa tabaka gumu sana ndani, na tabaka hilo halichongwi upya kama silinda ya pikipiki. Likibambuka ukaona chuma cha chini, nunua silinda nyingine. Kwa 070 jambo hilo siyo msiba, kwa sababu seti za silinda na pistoni za milimita 58 zipo madukani kwa wingi. Kwa mashine adimu, hapo ndipo urejeshaji unaposimama.

Ukihitaji kufungua klachi, nyingi zina nyuzi za kushoto, yaani hufunguka kwa kuzungushia upande unaokaza boliti ya kawaida. Kuizuia pistoni isizunguke, ingiza kipande cha kamba laini kwenye tundu la plagi. Usiingize bisibisi.

Haitoi cheche.

Kwenye mashine za zamani zenye pointi, vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke, tisa kwa kumi ya kesi ni pointi zilizoota kutu kwa kukaa bila kazi. Toa flaiwili kwa kivutio chake, siyo kwa kuchokonoa na bisibisi mbili, kisha pitisha msasa laini sana katikati ya pointi na umalizie kwa karatasi nyeupe safi iliyolowa petroli. Upana wa pointi uwe kati ya milimita 0.35 na 0.4 kwa fila geji, na mdomo wa plagi milimita 0.5. Bado? Kagua waya wa swichi ya kuzimia, mara nyingi umechubuka na unagusa chuma. Kisha kondensa. Koili iwe ya mwisho kushukiwa, kwa kuwa ndiyo ghali.

Wakati flaiwili iko nje, tazama kile kijifunguo kidogo cha nusu mwezi kinachoikalisha kwenye shafti. Kikikatika hata kwa upande, cheche huja kwa wakati usio wake na kamba hukurudi mkononi kwa nguvu ya kuvunja kidole. Plagi mpya iwe na nyuzi na urefu ule ule wa ya zamani. Ndefu kupita kiasi itagonga pistoni.

Kabureta nisafishe au ninunue mpya?

Safisha kwanza. Kabureta za Tillotson na Walbro za miaka ile zimetengenezwa kwa chuma kizuri, na kinachokufa ni raba zilizo ndani: daiframu zimekauka zikawa ngumu, na ncha ya sindano imechakaa. Daiframu nzuri ni laini na haina sauti ukiibonyeza. Badilisha daiframu, gasketi na sindano, puliza njia zote kwa upepo wa kompresa, wala usichokonoe matundu kwa waya wa chuma. Wakati huo huo badilisha mpira wa petroli na filta iliyo ndani ya tangi. Mpira uliokauka hunyonya hewa bila kuvuja hata tone, na utalaumu kabureta bure.

Mbona mnazungumza sana kuhusu hewa ya pembeni?

Kwa sababu ndiyo muuaji mkuu. Injini ya mizunguko miwili hulainishwa na oili iliyomo kwenye petroli. Hewa ikiingia kwa njia nyingine, kupitia sili za krenki zilizokauka, gasketi ya chini ya silinda au mpira wa kabureta, mchanganyiko unakuwa mwepesi: petroli inapungua, oili inapungua nayo, joto linapanda. Mtu anaisikia mashine inapiga resi kali, inapendeza masikioni, anadhani imepona. Baada ya muda mfupi inanoki.

Dalili zake zinajulikana. Ukiachia resi inachelewa kushuka, haitulii saileni (mwendo wa chini bila kupiga resi), au mwendo unabadilika ukiigeuza upande. Mashine iliyolala miaka kumi, sisi tunabadilisha sili zote mbili bila kuuliza, hata kama zinaonekana nzima. Siyo ghali. Soma vipimo vilivyoandikwa kwenye sili yenyewe, upana wa ndani, upana wa nje na unene, uende duka la beringi. Nyingi ni vipimo vya kawaida. Beringi nazo zina namba zake. Omba zenye alama C3, ambazo zimeachiwa nafasi kidogo kwa ajili ya joto.

Kupima bila vifaa vya kiwandani inawezekana. Ziba tundu la eksozi na la kabureta kwa vipande vya raba ya tyubu vilivyobanwa na boliti, rudisha plagi, ingiza upepo kidogo sana kwa pampu ya baiskeli kupitia kimojawapo, kisha paka maji ya sabuni pembezoni. Psi 7 inatosha kabisa. Ukizidisha utazitoa sili mahali pake. Povu litakuonyesha tundu.

Nyuzi za boliti zimeliwa. Naweza kuchomelea?

Tahadhari kubwa. Mwili wa chensoo nyingi za zamani umetengenezwa kwa magnesi, chuma chepesi kuliko aluminiamu. Unga na vinyoleo vyake vinashika moto, na moto wake ukiumwagia maji unazidi. Mchomeleaji wa mageti na madirisha asiguse. Peleka kwa fundi wa kukereza aingize bushi yenye nyuzi mpya, na vinyoleo vifagiliwe mbali na jiko la mkaa. Pia usiloweke mwili wa mashine kwenye maji ya betri ukidhani unaondoa kutu, kwa sababu asidi inaula. Mafuta ya taa na brashi vinatosha.

Oili na petroli nichanganye kwa kipimo gani?

Hapa watu hubishana hadi kesho. Vibandiko vya zamani vinaandika moja kwa 16 au moja kwa 20, kwa sababu oili za wakati ule zilikuwa dhaifu. Kwa oili ya kawaida ya injini za mizunguko miwili zinazopozwa kwa hewa, sisi tunatumia moja kwa 25: mililita 40 kwa kila lita ya petroli, yaani mililita 200 kwenye dumu la lita 5. Stihl wenyewe wanakubali moja kwa 50 kwa oili yao. Sawa, ukiwa na uhakika kwamba kilicho kwenye chupa ndicho kilichoandikwa nje. Bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa linapima vizuri kuliko kifuniko cha chupa.

Kuzidisha oili hakuongezi usalama. Oili ikichukua nafasi ya petroli, mchanganyiko nao unakuwa mwepesi wa petroli, plagi inachafuka na eksozi inaziba masizi.

Ndugu zetu wa Kigoma, swali lenu hujirudia: oili ya mashine za boti inafaa? Haifai. Ile yenye alama TC-W3 imeundwa kwa injini inayopozwa na maji ya ziwa, ambayo haifikii joto la chensoo. Ipo kila duka la Kibirizi na bei yake inavutia, lakini kwenye chensoo ringi zitaganda kwenye mifereji yake. Tafuta oili yenye alama JASO FC au FD. Na oili ya injini ya gari haichanganywi kwenye petroli, hata iwe mpya.

Na oili ya cheni? Wengine wanaweka oili chafu, wengine mawese.

Oili chafu iliyotolewa kwenye gari ina unga wa chuma unaokula pampu na bladi, na inakurukia mikononi na usoni siku nzima. Ngozi yako haiihitaji. Mawese yanalainisha, na Ulaya wanatumia mafuta ya mimea kwa kazi hii hii, lakini mawese yetu huganda asubuhi ya baridi, na yakiachwa kwenye tangi yananata hadi pampu inakwama. Mwenye mawese ya bure ayatumie mchana na amwage yanayobaki jioni. Vinginevyo nunua oili mpya ya namba 30 au 40. Mashine nyingi za zamani zina pampu ya kubonyeza kwa dole gumba: bonyeza kila baada ya sekunde chache ukiwa ndani ya gogo. Kabla ya kuanza, elekeza ncha kwenye gogo jeupe upige resi. Ukiona mstari wa oili, pampu ni nzima.

Nitajuaje saizi ya cheni na tupa yake?

Pima umbali kutoka ripiti ya kwanza hadi ya tatu, ugawe kwa mbili. Ukipata milimita 10.26, hiyo ni inchi .404, ya 070 na 090. Tupa yake ni ya mviringo ya milimita 5.5. Ukipata 9.5, hiyo ni inchi 3/8, tupa ya milimita 5.2. Cheni na sproketi lazima viwe vya saizi moja, na sproketi iliyolika hula cheni mpya ndani ya muda mfupi.

Umbo la jino tunalonoa leo lilitoka kwa mkata miti wa Marekani, Joseph Cox. Mwaka 1946, katika jimbo la Oregon, alimtazama funza wa mbawakawa akitafuna gogo kwa taya mbili, kushoto na kulia, akaiga. Cheni yake iliingia sokoni 1947. Kwa hiyo noa meno ya pande zote mbili yawe na urefu sawa, la sivyo mkato utapinda. Nyuzi 30 kwa kukata gogo kwa kukatisha, nyuzi 10 kwa kupasua mbao. Kile kidole kilicho mbele ya jino kiwe chini yake kwa milimita 0.65 hivi. Watu hukishusha zaidi ili mashine ile haraka. Kwa mninga, mkola au mpingo, hiyo ni njia ya kurushwa na mashine.

Ukiona unga mwembamba badala ya vipande, cheni ni butu. Usikandamize, noa.

Nimemaliza kufunga. Naiwashaje mara ya kwanza?

Zungusha kwanza kwa kamba bila plagi, usikilize kama kuna chochote kinachogusa. Kaza plagi. Funga skrubu mbili za kabureta polepole hadi ziguse, bila kubana, kisha rudisha kila moja mzunguko mmoja. Kwa mashine nyingi za zamani hapo ni pa kuanzia. Funga bladi na cheni ya kulegea kiasi, kwa sababu klachi isiyo na kifuniko chake haipaswi kuzunguka.

Laza mashine chini penye udongo mgumu, kanyaga mpini wa nyuma, mkono wa kushoto kwenye mpini wa mbele, vuta kwa mkono wa kulia. Choki funga hadi ipige mlio wa kwanza, kisha fungua. Kuvuta kamba huku mashine ikining'inia mkononi tunakukataza, hata kama umemwona mzee wa kijijini akifanya hivyo kwa mbwembwe.

Ikishika, usipige resi. Iache ipate joto. Kisha rekebisha skrubu ya mwendo wa chini hadi itulie saileni bila cheni kuzunguka. Skrubu ya mwendo wa juu irekebishwe hivi: ukipiga resi kamili bila mzigo, injini itoe sauti ya kugugumia kidogo, na ikiingia kwenye gogo sauti hiyo isafike. Ikiwa inalia nyororo na juu kabisa bila mzigo, mchanganyiko ni mwepesi. Fungua skrubu kidogo haraka. Moshi kidogo ni afadhali kuliko ukimya wa pistoni iliyoganda. Tangi la kwanza likate magogo mepesi, embe kwa mfano, siyo mkola.

Haina breki ya cheni. Niitumie hivyo hivyo?

Unaweza, ukijua unachoshika. Ncha ya bladi, hasa robo yake ya juu, ikigusa gogo lingine, mashine hurushwa kuelekea usoni kabla hujafikiri. Breki iliwekwa kwa ajili ya hilo. Bila breki, usikate kwa ncha, usinyanyue mashine juu ya mabega, usipande nayo mtini, na dole gumba la kushoto lizunguke mpini wa mbele wakati wote. Kofia ngumu, miwani, viziba masikio, kwa kuwa kelele ya mashine hizi hupita desibeli 100, na buti. Suruali ya jinsi ni nguo tu, haizuii cheni.

Kwa kazi ya kila siku, tunakushauri utumie mashine yenye breki, na hii ya zamani uipe magogo makubwa yaliyokwisha lala chini.

Vidole vinakufa ganzi na vinakuwa vyeupe asubuhi za Juni na Julai. Ni baridi?

Ni mtikisiko, baridi inaonyesha tu. Mishipa ya damu na ya fahamu imeumia, na ukiendelea haitarudi ilivyokuwa. Punguza saa za kushika mashine, kagua kama raba za mpini zimekatika, noa cheni, na umwone daktari ukimwambia wazi kazi unayofanya.

Kuna la kuangalia porini kwetu ambalo vitabu vya nje havisemi?

Nyuki. Huku Unyamwezini mizinga ya magome hutundikwa juu kabisa ya miti ile ile tunayoikata. Inua macho uzunguke mti wote kabla ya kuvuta kamba. Kelele na mtikisiko vitawaamsha, na mtu mwenye mashine inayonguruma mikononi hakimbii vizuri. Mti wenye mzinga una mwenyewe.

Unga wa mninga unawasha ngozi na kubana pumzi kwa baadhi ya watu, kwa hiyo funga pua. Miembe ya zamani ya mjini ina misumari, waya na mabati yaliyomezwa na gome. Gonga kwa nyuma ya panga na utazame makovu kabla ya kuingiza cheni.

Inafaa kupasua mbao?

Inafaa kwa nguvu zake, haifai kwa ubahili. Cheni ya .404 inakula karibu sentimita moja kila mkato. Mikato kumi imegeuza unga mbao karibu nne za inchi moja. Ukipiga mstari kwa kamba iliyochovywa unga mweusi wa betri kuukuu na una mkono uliotulia, utapata mbao za kenchi na za boti, lakini fremu ya chuma inayobana bladi itakulipa haraka. Upe injini mapumziko kati ya mkato na mkato, ikinguruma saileni dakika moja kabla ya kuzimwa, maana kupasua kwa urefu huichosha kuliko kukatisha.

Nahitaji kibali?

Ndiyo. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inasimamia uvunaji, na ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, iliyo wilayani kwako ndiyo pa kuanzia. Uliza mambo matatu kwa pamoja: usajili wa chensoo yenyewe, leseni ya uvunaji, na hati ya kusafirishia mazao. Mashine kuwa ya urithi hakuiondolei chochote. Mti ulio uani kwako, pita kwa mtendaji kwanza.

Spea nitapata wapi?

070 na kopi zake: maduka ya mashine za kilimo na chensoo mijini. Husqvarna 61, 268 na 272 zinachangia spea nyingi, kwa hiyo mashine mbovu moja hulisha nyingine. Nenda na kitu chenyewe mkononi, usiende na picha.

Niiuze tu kama chuma chakavu?

Krenki ikiwa imepinda na mwili umepasuka, uza, ila ng'oa kwanza kabureta, koili, flaiwili na vizibo vya tangi. Kuna mtu anavitafuta.

Nitaihifadhije masika yote?

Kwetu mvua huanza karibu Novemba hadi Aprili, na mashine nyingi hulala kipindi hicho. Mwaga petroli yote, washa hadi izimike yenyewe ili kabureta ikauke, maana petroli iliyolala huacha gundi. Toa plagi, tia kijiko cha oili ya mchanganyo, vuta kamba taratibu mara chache, rudisha plagi. Cheni ilaze kwenye oili. Usiifunge kwenye nailoni, itatoa jasho na kutu. Gunia kavu juu ya chaga linatosha, mbali na mbolea ya chumvichumvi. Eksozi izibe kwa kitambaa, kwa sababu nyigu wa udongo hupenda sana tundu lile, na andika kwa chaki kwenye mwili wa mashine kwamba limezibwa.